Majibu Niliyoyafuta kwenye Fomu Yako

Dada yangu Akinyi,

Kabla hujafika mstari wa tatu, tafadhali inuka ufunge mlango. Shangazi akiuliza, mwambie ni karatasi za chuo, hatauliza tena. Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuombaomba: usimsomee mtu neno hata moja la barua hii. Si Shangazi, si Mama, si pasta akija kukuombea. Usiipige picha. Nimeiandika kwa mkono kwa sababu kompyuta za ofisi zinatunza kila kitu na simu yangu siiamini. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio kazini hapa chuoni, na sheria ya kwanza waliyonisomea ni kwamba karani hagusi faili la ndugu yake. Hapa hakuna anayejua kwamba wewe ni dada yangu. Majina yetu hayafanani, na mimi sikuwahi kuwaambia.

Usitarajie barua ya pole. Nina hasira tangu siku ulipoondoka, na nyingine ni hasira juu yako.

Unakumbuka baiskeli ya Baba? Ile nyeusi aliyokuwa akirudi nayo kutoka Muhoroni kila Jumamosi, alikokuwa anapima lori za miwa. Ulikuwa na miaka kumi, mimi sita. Ulikataa Baba akufundishe. Uliisukuma hadi kwenye ukingo wa mfereji wa mpunga, nyuma ya nyumba yetu pale Ahero, ukaniambia nitembee kando yako.

"Nikushike?" nikauliza.

"Usinishike. Lakini usiende."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka utamwita Mama. Sasa nyamaza, nafikiria."

Ulianguka ndani ya mfereji mara mbili. Mara ya tatu ulifika hadi kwenye lango la maji, nami nikakimbia nyuma yako na makamasi yangu, nikipiga kelele kana kwamba mimi ndiye niliyeendesha. Tangu siku hiyo nilijua jinsi unavyojifunza. Mwalimu asiweke mkono, lakini awepo.

Kumbuka pia namba zangu. Baba alisema mtu anayeandika namba za watu lazima awe na namba moja inayomtambulisha, ili siku ya ugomvi asikane kazi yake. Saba yake ilikuwa na mistari miwili katikati. Mimi nikachagua nne, nikaipa mkia uliopinda chini kama ndoano. Ulinicheka mwaka mzima. "Leta hiyo nne yako twende nayo Dunga," ulikuwa unasema, "tukavue samaki wa jioni." Nilikasirika sana wakati huo. Leo natamani ungenicheka.

Sasa nitakuambia kile ambacho tayari unakijua, kwa sababu ulikiona kwa macho yako na ukanyamaza.

Chuo kilipoleta mpango wa kujisomea, waliouleta walikuwa na maneno mazuri. Mkuu wa masomo alisimama ukumbini akasema daktari wa siku hizi hawezi kungoja kulishwa, magonjwa yanabadilika, vitabu vinabadilika, lazima mwanafunzi ajue kujitafutia. Nilikuwa nyuma ukumbini nikigawa maji ya kunywa, na nilikubaliana naye. Bado nakubaliana naye. Ndipo wakaja na fomu. Sentensi arobaini, na kando ya kila sentensi kisanduku cha kuandika namba kuanzia moja hadi tano. Moja maana yake hapana kabisa, tano maana yake ndiyo kabisa. *Najua ninachohitaji kujifunza. Naweza kutambua upungufu wangu. Naweza kupanga kazi yangu bila kuelekezwa.* Mwenye alama nyingi yuko tayari, ataingia wodini na mchana atajisomea mwenyewe bila mwalimu. Mwenye alama chache atarudia muhula chini ya mwalimu.

Watu waliokaa darasani tangu wakiwa watoto wakinakili ubao, wakipigwa kwa kuuliza swali lisilo kwenye ratiba, siku moja wanapewa karatasi na kuulizwa kama wako huru. Walifanya nini? Walifanya kile walichofundishwa. Walitafuta jibu linalompendeza mwalimu.

Waliandika kwa penseli. Hiyo ilikuwa amri ya Madam, mkuu wa ofisi yetu. "Penseli, ili waweze kurekebisha." Mwanzoni sikuelewa kurekebisha nini. Kisha fomu zikaanza kuja, na Madam akanionyesha kazi. Alama zikiwa chini ya kiwango, fomu inarudishwa dirishani kwangu, mwanafunzi anaitwa, anapewa kifutio. Hakuna anayemwambia abadilishe. Anaambiwa tu, "Hebu jiangalie tena." Walijiangalia tena hapo hapo wamesimama, wameegemea ukuta, wakicheka.

"Wewe uliweka ngapi hapa kwa upungufu?"

"Niliweka mbili, nikarudishiwa."

"Mbili, omera? Unataka kuzeeka hapa? Weka tano, sisi wote hatuna upungufu."

Wengi walirekebisha kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Mkuu akapeleka ripoti juu kwamba darasa liko tayari.

Fomu yako ilikuja Ijumaa. Uliweka mbili mahali kumi na moja. Na kando ya sentensi ya upungufu uliandika kwa maandishi yako madogo: *Nisichokijua sikioni. Ndiyo maana nahitaji mtu wa kunionyesha.* Nilisoma maneno hayo nikasikia joto usoni. Nilisema moyoni, huyu dada yangu ana kiburi, kwa nini asiweke tano kama watu wengine, atarudia muhula, na Mama ameshaliambia kanisa zima Ahero kwamba daktari wake anamaliza.

Nilijua nikikuita dirishani hutashika kifutio. Kwa hiyo sikukuita. Madam alikuwa ametoka. Nilifuta mbili zako zote kumi na moja, nikafuta na maneno yako, nikapuliza vumbi la kifutio, nikaandika nne. Nilichagua nne badala ya tano ili isionekane. Karani mwangalifu. Mkono ukaandika nne jinsi unavyoandika nne siku zote.

Niseme wazi, maana sitaki ujipe kazi ya kunitetea: hakuna aliyeniamuru. Madam angekurudishia fomu, wewe ungekataa, ungerudia muhula, na leo ungekuwa wodini. Mimi ndiye niliyekuweka kwenye orodha ya walio tayari.

Mengine unayajua kuliko mimi. Mtoto wa miaka miwili, amekonda, anaharisha siku tatu, nyanya yake amembeba kutoka upande wa mashamba ya mpunga baada ya maji kuingia nyumbani kwao. Sista mmoja tu, muuguzi, kwa wodi nzima. Ulimpigia mwalimu wa zamu, na nilimsikia yeye mwenyewe akisimulia kwenye kikao cha nidhamu kana kwamba ni jambo la kujivunia: "Nilimwambia hiki ni kipindi cha kujisomea. Afungue kitabu." Ukafungua kitabu. Ukasoma sura ya mtoto aliyepungukiwa maji, ukafuata kila hatua, ukafungua dripu kwa kasi iliyoandikwa. Ila kulikuwa na sura nyingine, ya mtoto aliyekonda sana, ambaye maji ya haraka yanamzidi moyo. Hukuitafuta. Ungeitafutaje wakati hukujua kwamba ipo? Ulikuwa umeshawaandikia hivyo hivyo kwa penseli, na mimi nikafuta.

Sista alipoona mtoto anapumua vibaya alifunga dripu na kumwita daktari. Jambo hili najua hukulijua ulipoondoka, kwa hiyo lisome mara mbili: mtoto alipona. Nilikwenda wodini mara tatu nikijifanya natafuta saini. Mara ya tatu alikuwa amekaa kitandani ana uji kidevuni. Alitoka kwa miguu yake, ameshika kidole cha nyanya yake. Nyanya aliniuliza, "Yule msichana wa kumshika mkono mtoto wangu usiku wote ako wapi?" Nilimwambia uko likizo. Ni uongo ule ule ninaompa Mama.

Sasa kikao. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu zake, hilo unalijua, nilikuwa nimekaa mwisho wa meza. Mkuu aligeuka akasema, "Karani, leta fomu yake." Nikaenda kabatini. Safari ya hatua kumi na mbili, na ningeweza kusema katika hatua yoyote. Nikaileta, nikaiweka mbele yako mimi mwenyewe.

"Hii saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Na hapa, unasema unaweza kutambua upungufu wako. Umejipa nne."

Uliinamisha kichwa ukatazama. Niliona kidole chako kikienda kwenye ile namba, kikafuata ule mkia, polepole, mpaka kwenye ndoano. Kisha ukaniangalia.

"Majibu haya ni yako?" Mkuu akauliza tena.

"Ni yangu."

"Basi sisi tulikuamini kwa maneno yako mwenyewe. Hapa hatulei watoto, bibi. Tunafunza madaktari."

Nami nikaandika, kwa Kiswahili safi, kwamba mwanafunzi alikiri, na kwamba anaondolewa chuoni. Maandishi yangu hayakutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniamsha.

Kwa nini ulinyamaza? Nimekuuliza kichwani mara nyingi, nikipanda kilima cha kwenda nyumbani Mamboleo, nikipanga faili, nikila. Nani alikuomba unilinde? Ulidhani ukibeba lawama mimi nitakula mshahara huu kwa amani? Ulifunga sanduku, ukavuka ziwa kwenda Mbita kwa Shangazi, ukazima simu, ukaniacha mimi niwe mtu ambaye dada yake alimsitiri. Ni mzigo mbaya, Akinyi. Ulipaswa kupiga kelele. Ulipaswa kusema pale pale, hii nne si yangu, mwulizeni huyo anayeandika. Ningekataa, pengine. Naogopa sana watu wenye meza kubwa. Lakini ungekuwa umesema.

Nikishamaliza kukukasirikia wewe, wanabaki wao, na hasira hiyo haiishi. Walitaka wanafunzi wanaojua mipaka yao, wakaweka adhabu kwa kila aliyeitaja. Walipata darasa zima la watu wanaojua kuandika tano, wakawaacha na wagonjwa, wakaenda nyumbani saa nane wakiita hayo mafundisho. Halafu mambo yalipoharibika wakatoa karatasi. Wewe ulijisomea maisha yako yote, kwa taa ya koroboi, kwa vitabu vya kuazima, mpaka ukaingia chuo hiki bila mtu wa kukushika. Hao ndio wanaosema hukuwa tayari kujisomea. Wao ndio hawakuwa tayari kukaa kando yako.

Sasa sikiliza kilichonifanya niandike leo.

Jumatatu darasa jipya lilianza kujaza fomu ile ile. Msichana mmoja, mwembamba, ana sweta ya shule ya sekondari bado, alikuja dirishani kwangu akaiweka fomu mbele yangu ikiwa tupu.

"Bosi, hapa watu wanawekanga ngapi?"

Wenzake nyuma walikuwa wanamcheka. Sijui nini kilinipata. Nikamwambia, "Weka ukweli."

Aliniangalia kama mtu anayengoja nimalize. "Sawa bosi. Lakini ukweli ni ngapi?"

Nikashika muhuri, nikaendelea na rundo la karatasi. Akaona mimi si wa kumsaidia, akaenda pembeni akaandika tano kutoka juu hadi chini. Nilimwona. Baada ya chakula cha mchana Madam akaja na kusema kabati limejaa, fomu za mwaka jana zote zipelekwe kuchomwa mwisho wa wiki ijayo, na mimi ndiye nitakayezisindikiza.

Madam hajui jambo moja. Unakumbuka Baba alivyokuwa anaandika kila uzito mara mbili, mara moja kwa kampuni na mara moja kwenye daftari lake? Mimi kila karatasi inayopita mkononi mwangu natoa nakala siku inapofika, kabla ya mtu yeyote kuigusa. Hakuna aliyeniambia. Ni woga tu, siku zote nadhani kuna kitu kitapotea na nitaulizwa mimi. Kwa hiyo ninazo. Fomu za darasa lako lote, kama zilivyokuja mara ya kwanza, kabla ya vifutio. Zile mbili zote, zile moja. Yako ni ya nne kutoka juu, na maneno yako madogo yanasomeka vizuri. Ziko ndani ya katoni ya unga, chini ya kitanda changu, na nimezilalia miezi yote hii kama mtu aliyelalia nyoka.

Kamati ya rufaa itakaa Alhamisi ya wiki ijayo, siku moja kabla ya uchomaji. Jina lako haliko kwenye orodha kwa sababu hukuomba. Muda wa kuomba unaisha Jumatano jioni. Ndani ya bahasha hii kuna fomu ya rufaa. Nimejaza jina lako na namba yako ya usajili, basi. Visanduku vingine vyote nimeviacha vitupu. Vijaze wewe, kwa wino, useme lolote unalotaka kusema, hata kama ni kunitaja mimi kwanza. Hasa kama ni kunitaja mimi kwanza. Ukiona hutaki kurudi udaktari, sitakulaumu, ila usiache kwa sababu ya namba nilizoandika mimi.

Najua nitafukuzwa. Nimeshaliwaza mpaka mwisho. Naweza kurudi Ahero nikamsaidia Mama na mpunga. Nitamwambia Mama mwenyewe, na hilo naliogopa kuliko kamati.

Barua hii ni siri mpaka Alhamisi saa tatu asubuhi. Baada ya hapo ni yako, isome mbele ya yeyote unayetaka. Nimetia saini na jina langu lote nyuma ya kila ukurasa, na chini ya saini nimeandika nne moja, ile yenye ndoano, ili woga ukinishika siku hiyo nikakosa kutokea, uwe na kitu cha kuweka juu ya meza yao. Nimejifungia mwenyewe mlango wa kukimbilia. Nisingejiamini bila hivyo.

Hivi ndivyo utakavyonipata. Usipige simu ya ofisi, Madam ndiye anayeipokea. Barua hii nimempa Mama Risper, jirani ya Shangazi, anayekuja Kisumu kununua mitumba. Anarudi huku Jumanne; mpe fomu ya rufaa ikiwa imefungwa, aniachie kwa fundi viatu wa Mamboleo, yule aliyekaa chini ya bango la rangi, na nitaipeleka dirishani kwangu na kuipiga muhuri mimi mwenyewe. Kama unakuja Jumatano, nyumba yangu ni ya mwisho baada ya gereji ya kuchomelea vyuma, lango la kijani. Likiwa limefungwa ujue sijarudi, kaa kwa fundi viatu, anajua unakuja. Katoni iko chini ya kitanda upande wa ukutani.

Alhamisi nitakuwa nje ya chumba cha kamati tangu saa mbili, kwenye benchi la upande wa kushoto wa mlango. Ukifika usinisalimie kama karani. Kaa. Maneno yatakuwa yako, nami sitakukatiza wala kukujibia. Sitakushika, lakini siendi popote.

Mimi mdogo wako, yule wa kando ya mfereji.